Wazee wa Utafiti Wako ni Akina Nani? Kwa Wanaoanza Kutuma Makala kwa Majarida ya Tiba

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika makala za utunzaji wa wazee na kuhakiki za wenzangu. Kila ninapofungua mswada mpya nina swali moja: wazee wanaozungumziwa humu ni akina nani? Mara nyingi nafika ukurasa wa mwisho bila jibu. Nimeambiwa idadi yao, wastani wa umri wao, wangapi ni wanawake na wangapi ni wanaume. Sijaambiwa kama wanatembea wenyewe, kama wanaishi na familia au katika makao ya wazee, wanameza dawa ngapi kwa siku, wala kama kumbukumbu zao ziko salama. Sasa muuguzi atakayesoma matokeo hayo atajuaje kama yanamhusu mgonjwa aliye mbele yake?

Wewe unayeandaa makala yako ya kwanza, nakuomba ulishike swali hilo tangu siku ya kupanga utafiti hadi siku ya kutuma. Mengine mengi hujipanga yenyewe ukishalijibu.

Umri peke yake hausemi mengi. Kuna mtu wa miaka 78 anayepanda ngazi na kujifanyia kila kitu, na kuna wa miaka hiyo hiyo anayehitaji kugeuzwa kitandani usiku kucha. Ukiwaweka wote chini ya neno "wazee" na kuchukua wastani wao, umepata namba isiyomhusu yeyote kati yao. Ndiyo maana fani hii ina vipimo vyake vya uwezo. Kipimo cha Katz, cha mwaka 1963, huangalia mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, kina vipengele 10, na alama zake huanzia 0 hadi 100. Kwa upande wa mwendo kuna jaribio rahisi la kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, huku mpimaji akihesabu sekunde. Chagua kinacholingana na swali lako, kisha eleza ni toleo gani ulilotumia, nani alipima, alipewa mafunzo gani, na kwa lugha gani. Kama kipimo kilitafsiriwa, sema tafsiri hiyo ilithibitishwa vipi. Kutafsiri maswali jioni moja na kuanza kuyauliza kesho yake hakutoshi.

Vipimo vya utambuzi na kumbukumbu vinahitaji uangalifu zaidi. MMSE, chenye alama 30, kilichotoka mwaka 1975, kina hakimiliki, kwa hiyo tafuta kibali kabla ya kukusanya data. MoCA nacho kina masharti yake ya matumizi na mafunzo. Halafu kuna suala la elimu. Mtu ambaye hakupata nafasi ya kusoma anaweza kupata alama za chini bila kuwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Waliounda MoCA walilijua hilo, wakaweka utaratibu wa kumwongezea alama 1 aliyesoma miaka 12 au pungufu. Kama jedwali lako la kwanza halina safu ya elimu, usishangae mhakiki akiliuliza kabla ya jingine lolote.

Sasa tuangalie sehemu ya mbinu, kwa mfano niliotunga. Mwandishi ameandika hivi: "Utafiti ulihusisha wazee 120 wenye miaka 60 na zaidi waliolazwa wodini." Sentensi haina kosa la sarufi, lakini haina habari. Iandikwe upya: "Tulimwalika kila mgonjwa mwenye miaka 60 na zaidi aliyelazwa katika wodi hiyo kati ya Machi na Agosti. Kati ya 164 waliostahili, 21 walikataa, na 23 hawakuweza kutoa ridhaa kwa sababu ya kuchanganyikiwa kwa ghafla, wala hatukumpata ndugu wa kuamua kwa niaba yao. Tulibaki na 120." Hapo najua ni akina nani waliokosekana. Wale 23 huenda ndio waliokuwa wagonjwa zaidi kuliko wote, kwa hiyo nikifika kwenye mjadala nitataka kuona kama mwandishi amewakumbuka au ameandika kana kwamba hawakuwapo.

Linaloniuma zaidi ni desturi ya kuwaondoa watu wenye dimenshia kwa sababu wanasumbua kuwahoji. Yapo maswali ya utafiti yanayolazimu hivyo. Lakini ukichunguza kuanguka, vidonda vya mgandamizo au maumivu huku umewaacha nje watu wenye dimenshia, umewaacha watu wanaolihitaji zaidi jibu lako. Kama uliwaondoa, toa sababu. Kama uliwashirikisha kwa kumuuliza mlezi, eleza ni majibu yapi yalitoka kwa mlezi na yapi yalitoka kwa mwenyewe, wala usiyachanganye kwenye safu moja. Inajulikana kwamba walezi huwa wanayapa maisha ya mtu mwenye dimenshia alama za chini kuliko anazojipa mwenyewe.

Jambo jingine linalohitaji ujasiri kuliandika ni kifo. Katika utafiti wa wazee, washiriki hufariki kabla ya utafiti kuisha. Watafiti wachanga huwa wanawaweka wote katika neno moja, "waliopotea": aliyefariki, aliyehama na aliyechoka kuhojiwa. Watenganishe. Ukipima kuanguka kwa mwaka mzima, mshiriki aliyefariki mwezi wa tatu hataanguka tena, lakini si kwa sababu mazoezi uliyompa yamemsaidia. Zipo mbinu za kitakwimu za kushughulikia kifo kinachotangulia tukio unalolipima. Mtafute mtakwimu wakati wa kupanga. Ukimwendea na data zilizokwisha kukusanywa, mara nyingi atakachoweza ni kukueleza ulichokikosa.

Maadili siyo sentensi moja ya kutaja namba ya kibali. Azimio la Helsinki, yaani kanuni za Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho ya karibuni mwaka 2024, linataka kwamba kwa asiyeweza kutoa ridhaa mwenyewe, ridhaa iombwe kwa mwakilishi wake wa kisheria. Haliishii hapo. Kama mtu huyo bado anaweza kuonyesha kukubali au kukataa, aulizwe, na kukataa kwake kuheshimiwe. Andika ulivyofanya kwa vitendo: nani alipima uwezo wa kuamua, ulifanya nini mshiriki alipogeuza uso au kuondoa mkono, na kama uliomba ridhaa tena siku zilizofuata.

Kwa anayeandika ripoti ya mgonjwa mmoja, kumbuka kwamba umri mkubwa wenyewe unaweza kumtambulisha mtu. Kanuni za faragha za HIPAA, sheria ya Marekani inayolinda taarifa za afya, huuhesabu umri unaozidi miaka 89 kuwa kitambulisho, na wote wenye umri huo huandikwa kwa pamoja kama "miaka 90 na zaidi". Hata kama sheria hiyo haikuhusu, busara yake inakuhusu. Mwanamke wa miaka 103 aliyevunjika nyonga katika mji mdogo anajulikana na kila mtu, hata ukifuta jina lake.

Kabla hujaandika aya ya kwanza, tafuta mwongozo wa kuripoti unaolingana na aina ya utafiti wako: CONSORT kwa majaribio ya nasibu (washiriki wakigawanywa kwa bahati nasibu), STROBE kwa tafiti za uchunguzi, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo, CARE kwa ripoti za wagonjwa, COREQ kwa mahojiano na majadiliano ya vikundi. Yote hupatikana bure kupitia EQUATOR, mtandao unaokusanya miongozo ya namna hii. Kila mwongozo una orodha ya mambo ya kuripoti, na wengi huijaza usiku wa kutuma, wakikisia namba za kurasa. Ijaze mwanzoni, ikuonyeshe pengo wakati bado unaweza kuliziba. Na kama utafiti wako ni jaribio la tiba au la huduma, uwe umeusajili kwenye rejista ya umma kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza. Majarida yanayofuata kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE, yanalidai hilo tangu mwaka 2005, na kusajili baada ya matokeo kutoka hakukubaliki.

Utangulizi uwe mfupi. Najua utatamani kuanza na makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwamba watu wenye miaka 60 na zaidi watafika bilioni 2.1 mwaka 2050. Ni kweli, ila anayesoma jarida la fani hii amekwisha kuyasoma mara nyingi. Anza na tatizo lenyewe: ni nini kinachowashinda wanaotunza, na ni kipi hakijajulikana. Na tafadhali usiwaite wazee "mzigo" wala "wimbi". Jarida la chama cha madaktari wa wazee cha Marekani lilibadili masharti yake ya lugha mwaka 2017 kwa sababu ya maneno ya namna hiyo, na mengine yanafuata mkondo huo huo. Mimi naona ni haki kabisa. Watu hao ndio waliokupa muda wao na habari za miili yao.

Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, iandike mwisho. Weka namba halisi pamoja na kipindi cha uhakika, yaani kadirio la chini na la juu la thamani ya kweli. "Tofauti ilikuwa kubwa" pekee haisaidii. Ukiona programu ya takwimu imekutolea p = 0.000, andika p < 0.001. Na kama ulifanya utafiti wa mara moja, yaani uliopima kila kitu kwa wakati mmoja, usidai kwamba jambo moja limesababisha jingine. Yawezekana upweke unapunguza mwendo, na yawezekana mtu anakuwa mpweke kwa sababu hawezi tena kutoka nje.

Kuhusu majina ya waandishi, yamalizeni mapema, tena kwa maandishi. ICMJE ina masharti 4, na mwandishi anatakiwa kuyatimiza yote: kuchangia kwa uzito wazo, mpango au data, kuandika au kurekebisha kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa wodi aliyekuruhusu kuingia anastahili shukrani, lakini hilo halimfanyi mwandishi. Wauguzi waliopima wagonjwa kila zamu wapewe nafasi ya kusoma na kurekebisha rasimu, ili nao waweze kuyatimiza masharti hayo. Programu ya akili bandia haiwezi kuwa mwandishi, na kama uliitumia, sema uliitumia kufanya nini.

Katika kuchagua jarida, soma matoleo yake ya karibuni uone kama yanachapisha kazi kama yako. Jihadhari na barua pepe zinazokusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo. Angalia kama jarida huria, yaani linalosomwa bure mtandaoni, limo katika DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo, na uulizie msamaha wa ada kabla ya kutuma. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Barua kwa mhariri isizidi ukurasa: swali lako, ulichokipata, na kwa nini wasomaji wa jarida hilo wakihitaji.

Maoni ya wahakiki yakija, yasome, uyaache usiku mmoja, kisha jibu hoja moja baada ya nyingine. Nakili hoja, andika jibu chini yake, taja ukurasa na mstari ulioubadilisha. "Tumerekebisha" pekee haitoshi. Usipokubaliana, sema kwa heshima na utoe ushahidi; mhakiki anaweza kukosea, na mhariri analijua hilo. Wakikukataa, rekebisha yaliyo ya kweli kabla ya kupeleka kwingine. Fani hii ni ndogo, na mswada wako unaweza kutua tena kwa mhakiki yule yule.

Makala ikikubaliwa, utaletewa nakala ya mwisho ya kusahihisha na kupewa siku chache tu. Kaa na mwenzako: mmoja asome majedwali kwa sauti, mwingine afuatilie data za awali. Angalia nukta za desimali, vipimo vya dawa, na kama jumla ya washiriki ni ile ile katika ikisiri, katika mchoro wa mtiririko na katika kila jedwali.