Kujilinda: ninachowafundisha wanafunzi wangu hapa Mbeya

Ukitafuta mwalimu wa kukufundisha kujilinda, usianze kwa kumuuliza ana mkanda gani. Omba ruhusa ukae pembeni utazame darasa lake jioni moja, na jicho lako liwe kwa yule anayemshika mwenzake. Je, anashika kweli? Au ananyoosha mkono tu, kisha anaanguka mwenyewe kwa adabu? Kama kila mbinu inafanikiwa mara ya kwanza na hakuna anayekataa kuanguka, aga kwa heshima, nenda kwingine. Mtu atakayekuvamia atavuta, atasukuma, atakaza, na mwili ambao haujawahi kukutana na ukaidi huo hautajua la kufanya.

Mimi nafundisha Goju-ryu kwenye ukumbi wa kukodi upande wa Mwanjelwa. Wanafunzi wangu wengi ni akina mama wa sokoni, wasichana wa vyuo na watoto. Goju-ryu ni karate ya Okinawa, na mwasisi wake ni Chojun Miyagi wa mji wa Naha, aliyezaliwa 1888 na kufariki 1953. Naipenda kwa sababu ni karate ya karibu. Mbinu zake nyingi ni za pale ambapo mtu amekwisha kukufikia: amekushika mkono, amekukaba, amekuvuta nguo. Kuna zoezi liitwalo kakie, ambapo watu wawili hugusanisha mikono na kusukumana na kuvutana mfululizo, hadi ngozi inaanza kutambua nguvu inakotokea kabla macho hayajaona. Kwangu zoezi hilo lina thamani kuliko mateke mengi ya hewani.

Tuchukue mshiko wa kifundo cha mkono, maana ndio wanafunzi wangu wanaousimulia mara kwa mara: stendi, sokoni, hata sebuleni. Ukishikwa, silika inakuambia urudi nyuma na kuvuta. Ukivuta hivyo unashindana na mkono wake mzima na uzito wa mwili wake. Angalia badala yake pale vidole vyake vinapokutana na kidole gumba. Hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Kunja ngumi, geuza mkono wako hadi upande ule mwembamba, wa kidole gumba chako, uelekee kwenye mwanya huo. Kisha sogea mbele nusu hatua na upeleke kiwiko chako kuelekea kiwiko chake. Mkono unachomoka. Ukishauweza kwa utulivu, mwambie mwenzako akaze. Kisha akaze huku anakukokota. Kisha akushike umefumba macho na umebeba mfuko. Mara nyingine hautachomoka, na hilo nalo ni somo: kanyaga mguu wake, msukumie kiganja puani, halafu jaribu tena papo hapo akiwa bado ameshtuka.

Kuna siku tunaacha gi, yaani sare ya karate, nyumbani na kufanya mazoezi kwa nguo za mtaani: kitenge, kandambili, koti zito la Julai, mkoba begani. Kitenge kilichofungwa kiunoni hakikupi nafasi ya teke la juu, na ni heri kuligundua hilo ukumbini. Mkoba wenyewe, uachie. Simu na pesa hutafutwa tena. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, usikubali mwalimu akurushe kabla mwili haujapata moto vizuri. Kuanguka kufundishwe mapema, juu ya magodoro, maana sakafu zetu ni za saruji: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, kiganja na mkono vigonge chini kwa pamoja, kichwa kisiguse.

Sauti nayo ina mazoezi yake, na hapa nina msimamo ambao sitaulegeza. Simruhusu mwanafunzi wangu azoee kupiga kelele za "Mwizi!" Sote tunajua kinachofuata neno hilo likitamkwa sokoni au stendi ya Nane Nane: mawe, marungu, tairi. Wananchi wenye hasira kali hawaulizi. Kijana aliyekwapua simu anauawa, na wakati mwingine anauawa asiyekwapua chochote, alikimbia tu kwa kuwa wengine walikimbia. Mtu aliyejifunza kujilinda anabeba dhamana ya kinachotokea baada ya sauti yake. Kwa hiyo tunapaza, "Niache!" "Rudi nyuma!" "Nisaidieni, ananivuta!" Maneno mafupi, kutoka tumboni, mikono yote miwili mbele ya kifua, viganja wazi. Wanaotazama wanaona hutaki ugomvi, na mikono yako iko tayari kukinga uso. Mama wa makamo aliyelelewa kuongea kwa upole huona tabu zaidi kupaza sauti hiyo mbele ya darasa kuliko kupiga ngumi. Mpe muda, mrudishe kwenye zoezi hilo kila anapokuja. Akishaipata sauti yake, utaona hata anavyosimama kumebadilika.

Tuseme pia ukweli kuhusu nani anayevamia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi aliyeutenda ni mwenzi wake. Darasa linalomwandaa mtu kwa ajili ya mgeni wa gizani tu halijamsaidia mbele ya shemeji, bosi au mume. Sisi tunaigiza hata yule ndugu wa familia anayeshika kiuno kwa kisingizio cha utani. Mwanafunzi anauondoa mkono na kusema, "Sipendi, usinishike," bila kucheka na bila kuomba radhi. Ila anayeishi na mtu anayempiga, mbinu za mikono hazimtoshi. Anahitaji mtu wa kumwamini, mahali pa kwenda, na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto kuna namba 116, haina malipo. Mwalimu azijue njia hizo na awe tayari kumsindikiza.

Kisu na panga: kimbia. Ukishindwa kukimbia, weka kitu katikati yenu, meza, baiskeli, hata kiti cha plastiki. Mwalimu anayekuahidi kwamba utamnyang'anya mtu panga baada ya semina ya siku moja anachezea maisha yako. Sheria nayo ina mpaka wake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hali. Akishakuachia na kukimbia, hakuna tena cha kujitetea. Ukumbini mwenzako akiachia nawe ukapiga tena, nasimamisha na mnaanza upya, hadi mwili uzoee kugeuka na kuondoka.

Kwa mnaotaka kufundisha, nina machache. Mwanafunzi aliyenizidi umri namwamkia shikamoo mlangoni, kisha ndani ananiinamia kama sensei wake, na heshima hizo mbili hazijawahi kugombana. Omba ruhusa kabla ya kumshika mtu, hata kama zoezi hilo mlilifanya jana. Mtu akiganda au akilia anapokabwa shingo, mwachie papo hapo, mpe maji, usimhoji mbele za watu. Kuganda ni namna mwili unavyoitikia hofu kubwa, na kumuuliza "kwa nini hukujitetea?" ni kumuumiza mara ya pili. Vijana wa kiume wanaokuja na hamu ya kupiga, wape kwanza kazi ya kuwashika wadogo kwa kiasi kinachowafaa hao wadogo. Wasioweza kupima nguvu zao hapo, bado ni mapema kuwafundisha ngumi.

Ukikosa darasa karibu, iwe Tukuyu, Makambako au kijijini, tafuta mtu mmoja unayemwamini, dada au rafiki. Suruali ya michezo na fulana vinatosha. Anzeni na mshiko wa kifundo nilioueleza na ile sauti ya "Niache!", mkiongeza nguvu kidogo kidogo. Anayeumia agonge mara mbili kwa kiganja, na mwenzake aachie hapo hapo.