Maswali na majibu: Kiangan, majaruba yaliyopanda mlimani

Toleo lililopita nilitaja kwa mistari michache Kiangan, sehemu ya wakulima katika milima ya Ifugao, kaskazini mwa Ufilipino, na majaruba yake ya mpunga yaliyojengwa kama ngazi. Sikutarajia barua zote hizi. Nimechagua saba.

Kiangan ni mji, wilaya au kijiji? Na iko wapi hasa? (Msomaji, Ifakara)

Wafilipino wenyewe huita ngazi hii ya utawala "bayan". Kwa Kiingereza huitwa kwa neno lililotupa "manispaa", na hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa sababu kwetu manispaa ni mji wenye lami na soko kuu. Kiangan ni mashamba, msitu na makazi yaliyotawanyika. Ifikirie kama wilaya ndogo ya vijijini yenye meya anayechaguliwa kila baada ya miaka 3, iliyogawanyika katika barangay 14, na barangay iko karibu na kile tunachoita kijiji au mtaa. Zamani eneo lake lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1992 upande mmoja ulikatwa ukawa Asipulo.

Juu ya Kiangan kuna mkoa wa Ifugao, uliozaliwa tarehe 18 Juni 1966 mkoa mkubwa wa zamani wa milimani ulipogawanywa. Ifugao ina bayan 11 na makao makuu yako Lagawe. Kutoka Manila unapanda basi la usiku kwenda kaskazini na kushuka asubuhi, mwili ukiuma. Kisiwa ni Luzon, safu ya milima ni Cordillera. Mto Ibulao unaopita Kiangan humwaga maji yake Magat, na Magat huingia Cagayan, mto mrefu kuliko yote Ufilipino. Bwawa la Magat lililokamilika mwaka 1982 humwagilia mpunga wa tambarare kwa maji yanayotoka milima hii. Mkulima wa chini anakula kwa msitu wa mwenzake wa juu.

Nilisoma kwamba majaruba ya Ifugao yana umri wa miaka 2,000. Nimekuwa nikiwafundisha hivyo wanafunzi wangu. Ni sahihi? (Mwalimu wa jiografia, Songea)

Mwalimu, hukukosea peke yako. Hesabu hiyo imefundishwa Ufilipino kwenyewe kwa vizazi. Ilitoka kwa wasomi wawili Wamarekani wa mwanzo wa karne ya 20, Otley Beyer na Roy Barton. Waliangalia ukubwa wa kazi, wakaona watu wenye zana za mkono wangehitaji muda mrefu mno kuumaliza mlima, wakakadiria miaka 2,000 hadi 3,000. Yalikuwa makadirio ya macho. Hakuna aliyekuwa amechimba chini ya kuta hizo.

Uchimbaji ulikuja baadaye, na sehemu yake muhimu ilifanyika Kiangan hapohapo, katika Kijiji cha Kale cha Kiyyangan kando ya Ibulao. Masimulizi ya Waifugao yanasema hapo ndipo walipoishi Wigan na Bugan, wazazi wao wa mwanzo. Mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake, wakishirikiana na wenyeji, walipima umri wa mkaa na mabaki ya mimea. Walikuta kwamba watu wameishi pale tangu zamani, lakini tabaka za chini hazikuwa na dalili za mpunga. Walichokuwa wakilima ni magimbi. Mpunga wa majaruba unajitokeza takriban miaka 400 tu iliyopita.

Sasa angalia kilichokuwa kikitokea bondeni wakati huo. Wahispania walikuwa wameingia kaskazini mwa Luzon na kuanza kuwakusanya watu wa mabonde ya Magat na Cagayan chini ya kanisa, kodi na kazi za lazima. Kwa maelezo ya Acabado, waliokataa walipanda juu. Huko milimani wakakutana na idadi kubwa ya midomo na ardhi iliyosimama wima, wakaanza kuchonga mlima kwa ajili ya mpunga, zao lililobeba karamu, heshima na umoja wao. Katika kijiji hicho cha kale vimepatikana pia vyombo vya kaure na shanga vilivyotoka mbali, na vinaongezeka katika kipindi hichohicho. Hawakuwa wamejificha wasijue dunia. Walifanya biashara na mabonde huku wakikataa kutawaliwa nayo.

Wapo wanaobisha, hasa waliokulia kwenye ile hesabu ya zamani. Wengine wanaona kama wamenyang'anywa heshima. Mimi naona kinyume chake. Watu waliogeuza milima mizima kwa muda wa vizazi kadhaa tu, wakiwa wamebanwa na dola yenye bunduki, wamefanya jambo kubwa kuliko wale ambao wangekuwa na miaka 2,000 ya kujenga polepole. Wafundishe hivyo, Mwalimu, na uwaambie pia kwamba historia iliandikwa upya kwa sababu ya mabaki ya magimbi.

Sisi Mbarali tunavuta maji mtoni kwa mfereji. Wao maji yanafikaje juu ya mlima? (Mkulima wa mpunga)

Hayapandi, ndugu yangu, yanashuka. Juu ya majaruba kila ukoo hutunza kipande cha msitu kinachoitwa muyong. Msitu huo hunyonya mvua na kuiachia taratibu kupitia chemchemi, na mifereji ya udongo na mawe huyachukua maji hadi jaruba la juu kabisa. Likijaa, linamwagia la pili, la pili linamwagia la tatu, hadi mtoni. Muyong ndiyo pia ghala la kuni, mbao za nyumba na dawa. Ukiukata, jaruba linakauka, na jaruba likikauka ukuta wake hupasuka, kisha mvua inayofuata inaubomoa na kuuangusha juu ya jaruba la jirani. Ndiyo maana ukarabati wa kuta hauwezi kuwa kazi ya mtu mmoja.

Mbegu yao ya asili ni tinawon, maana yake ya mara moja kwa mwaka. Inavumilia baridi ya milimani, huvunwa suke kwa suke kwa kisu kidogo cha mkononi, na wali wake unanukia. Mavuno ni msimu mmoja tu, karibu Juni na Julai. Kwa mila, mtoto wa kwanza, awe wa kike au wa kiume, ndiye hurithi sehemu kubwa ya majaruba, ili yasikatwekatwe mpaka yasilishe mtu. Wadogo zake ilibidi waoe au waolewe penye mashamba, wafungue ngazi mpya, au waondoke. Siku hizi anaondoka hata wa kwanza, na hilo ndilo linaloniuma katika habari nzima ya Ifugao: ukuta wa mawe ulioachwa miaka michache bila mikono ya watu hauhitaji adui mwingine.

Je, Kiangan iko kwenye orodha ya UNESCO? (Msomaji, Arusha)

Ndiyo, sehemu yake. Mwaka 1995 yaliorodheshwa katika Urithi wa Dunia makundi matano ya majaruba: Batad na Bangaan yaliyoko Banaue, Mayoyao, Hungduan, na Nagacadan lililoko Kiangan. Nagacadan lina safu mbili za ngazi zinazopanda pande mbili za mto. Wengi hushangaa kusikia kwamba yale yanayoonekana kutoka kituo maarufu cha kupigia picha mjini Banaue, ambayo Ufilipino iliyachapa hata kwenye noti yake ya peso 20, hayamo katika matano hayo. Mwaka 2001 majaruba ya Ifugao yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa ombi la Ufilipino yenyewe, kwa sababu mengi yalikuwa yakitelekezwa. Yalitolewa humo mwaka 2012.

Huku Mwea tumevamiwa na konokono wanaotaga mayai ya rangi ya waridi kwenye mashina. Nasikia walitoka Ufilipino. Wao wamewamaliza vipi? (Mama mkulima, Kirinyaga)

Pole sana, mama. Asili yao ni Amerika ya Kusini. Ufilipino waliletwa miaka ya 1980 wafugwe kama kitoweo, walaji hawakuwapenda, wakaachiwa, na maji yakawasambaza hadi kwenye majaruba ya Ifugao. Kwenu Mwea waligunduliwa mwaka 2020.

Ufilipino haijawamaliza. Imejifunza kuwapunguza. Konokono huyu hula mche ukiwa mchanga, kwa hiyo siku za hatari ni wiki chache baada ya kupandikiza. Pandikiza miche iliyokomaa kidogo, na siku hizo weka maji ya kina kifupi sana, maana pasipo maji hawezi kutembea na kula. Chimba vijifereji ndani ya jaruba ili wakusanyikie humo uwaokote asubuhi na jioni. Weka wavu pale maji yanapoingilia. Chomeka vijiti, watage huko badala ya kwenye mpunga, kisha uyaponde mayai. Bata hula wadogo, ila uwaachie mpunga ukishashika. Na ukiokota konokono au mayai vaa glovu, tafadhali.

Usikimbilie sumu. Majaruba ya Ifugao yalikuwa pia bwawa la kitoweo, yenye samaki na konokono wa kienyeji, na sumu haichagui.

Ni kweli kuna dhahabu ya Wajapani imefukiwa Kiangan? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna ushahidi wowote. Kilichotokea ni kwamba Jenerali Yamashita, kamanda wa Wajapani Ufilipino katika Vita vya Pili vya Dunia, alirudi nyuma na jeshi lake hadi milima hiyo, akajisalimisha Kiangan tarehe 2 Septemba 1945, na kesho yake akatia saini rasmi katika mji wa Baguio. Uvumi wa hazina umewafanya watu wachimbechimbe milima ya wakulima kwa miaka mingi. Hapo Kiangan kuna mnara wa kumbukumbu ya vita.

Niko Doha. Mwenzangu wa kazini anatoka Kiangan, na akiwa peke yake jikoni huimba wimbo mrefu usiobadilika sauti. Anasema ni hudhud. Ndiyo nini? (Dada kutoka Tanga)

Una bahati, dada. Hudhud ni tenzi za Waifugao kuhusu mashujaa wao, mapenzi, mali na mila, zinazoimbwa wakati wa palizi, wakati wa mavuno na katika mikesha ya misiba. Ziko zaidi ya 200, na moja inaweza kuchukua siku kadhaa kuimaliza. UNESCO ilizitambua mwaka 2001. Wanaoongoza kwa kawaida ni wanawake wazee, na ni kweli sauti haibadiliki, kwa sababu mahadhi ni mamoja kwa beti zote.

Lakini hudhud si ya mtu mmoja. Kiongozi huanza, na wenzake humpokea. Mwombe akufundishe kipande cha wapokeaji.