Jibu: Mapato kuonekana mara mbili kwenye programu ya uhasibu

Habari ndugu. Umeeleza kwamba ripoti ya faida na hasara inaonyesha mapato makubwa kuliko fedha zilizoingia benki, ilhali orodha ya wadaiwa bado inataja wateja waliokwisha kulipa.

Kwanza fungua ankara moja ya mteja ambaye una hakika amelipa. Ikiwa inasomeka kuwa haijalipwa, na wakati huohuo kuna muamala wa benki wa kiasi kilekile uliowekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mapato, basi chanzo umekipata: mauzo yalihesabiwa siku ankara ilipotolewa, kisha fedha zilipoingia zikahesabiwa tena kama mauzo mapya. Katika vitabu ninavyovitunza, hali hii nimeikuta mara nyingi kuliko hitilafu ya programu yenyewe.

Tafadhali usifute ankara. Ondoa muamala huo kwenye akaunti ya mapato, kisha uoanishe na ankara yake. Kama mteja alilipa ankara kadhaa kwa mkupuo, chagua zote kwa pamoja, na ikiwa benki ilikata ada yake kabla fedha hazijaingia, irekodi ada hiyo kama gharama. Miezi ambayo umekwisha kuwasilisha ritani za kodi usiiguse kabla ya kuzungumza na mhasibu wako, kwa sababu takwimu ulizotangaza zitabadilika.

Mwisho, zima kanuni ya kiotomatiki inayopeleka kila amana kwenye mapato. Mimi hutumia kanuni za namna hii kwa gharama zinazojirudia tu, kama vile pango na intaneti.