Canter ya Japani si Canter ya Mombasa, niulize mimi

Ndugu yangu wa Gongoni, simama hapo hapo. Usitume hata shilingi ya kushikia gari.

Umeandika dalali amekupatia Canter ya 2018, "moja kwa moja kutoka Japani, gia inajibadilisha yenyewe, bado mbichi", ya kubebea chumvi hadi Mombasa na maembe msimu ukifika. Unauliza kama bei ni nzuri, bima uchukue ipi, na kama basi dogo la Rosa la kupeleka watu harusini litalipa. Nimesoma nikatokwa na jasho. Maneno hayo ya dalali niliambiwa mimi mwaka 2021, chini ya mkwaju hapa Malindi, nikawa naitikia kama mtoto wa chuoni.

"Canter ni Canter, bwana. Spea kila kona."

Uongo wenye nusu ya ukweli ndio unaoua. Spea kila kona zipo, lakini za zile Canter zilizounganishwa Mombasa na kuuzwa hapa miaka nenda miaka rudi: injini 4D33, lita 4.2, pampu ya kawaida isiyojua kompyuta ni nini. Hiyo fundi wa Malindi anaifungua mkono mmoja, mwingine umeshika muhogo wa kuchoma. Ya Japani, tangu walipobadilisha mwishoni mwa 2010, ni injini 4P10 ya lita 3, nozeli zinaamrishwa na kompyuta, gia ya Duonic yenye klachi mbili, chujio la masizi kwenye ekzosi, na tanki la pembeni la AdBlue, dawa ya kusafishia moshi. Jina moja mlangoni, matumbo mbalimbali.

Na wala si siri. Fuso, waundaji wa Canter, walikaa miaka mingi chini ya Daimler ya Ujerumani, iliyozaa Daimler Truck, na hao kila soko wanalikatia nguo yake. Marekani wana Freightliner na yale mabasi ya shule ya manjano ya Thomas Built. Ulaya wana malori ya Mercedes-Benz na mabasi ya Setra. India wana BharatBenz, na kiwanda hicho hicho karibu na Chennai hutoa pia Fuso za kuletwa Afrika. Kila mahali na sheria yake ya moshi, dizeli yake, mafundi wake. Kiwanda hakina kosa. Kilimtengenezea Mjapani lori, Mjapani akalitumia kwa adabu. Aliyelivuta mpaka Malindi ni mimi na kiherehere changu.

Sasa sikia kilichonimaliza.

Siku ya kukabidhiwa nikaona tanki dogo, kifuniko cha buluu. Nikamuuliza dalali, hili la nini? Akanishika bega (ana tabia ya kushika bega akidanganya), akasema: "Maji tu hayo, ya kuoshea kioo." Dereva wangu akaenda kisimani nyuma ya nyumba akachota ndoo. Mnavijua visima vyetu: maji ukinywa unadhani umelamba jiwe. Akajaza mpaka juu, akafunga kifuniko, akakipiga kofi la furaha.

Msicheke. Kifuniko cha buluu, nyinyi mngefikiria nini? Sharubati?

Lile ndilo tanki la AdBlue, yaani yuria. Inapuliziwa kwenye moshi ndani ya ekzosi ili ipunguze gesi za oksidi za naitrojeni. Mimi nimeipulizia maji ya chumvi. Safari ya pili, tumepakia Gongoni, taa zikaanza kuwaka kwenye dashibodi kama maulidi. Kufika Sabaki lori halina nguvu, tuktuk zinatupita, utingo mmoja akatuuliza kama tunasindikiza jeneza. Tukajikokota mpaka Malindi, tukaliegesha nyumbani.

Fundi wangu wa miaka kumi akaja, akainua kabini, akatazama kimya, akaishusha. "Bosi, hii inataka kompyuta." Kompyuta iko Mombasa. Kilomita kama 120 nyuma ya gari la kuvuta, na huko pampu ya yuria na nozeli yake zimekufa kwa chumvi, na chujio la masizi nalo limeziba, kwa sababu kila lilipoanza kuchoma masizi yake lenyewe ili lisafike, dereva anazima injini aende chai. Spea? "Tutakuagizia." Siku 47. Sh340,000, bila kuhesabu maembe ya mteja yaliyooza shambani Mambrui, naye mpaka leo tukikutana msikitini ananitolea salamu nusu.

Nilipompigia dalali aliniambia, "Lakini gari lilikuja likiwa zima." Kweli, lilikuja zima. Na meli iliyolileta ilikuja nzima pia, mbona hukuniuzia hiyo?

Rosa uliyouliza, mambo ni yale yale: iko ya Japani na iko ya… Sikiliza, hata usifike huko. Fanya hivi kwanza. Piga picha kibati cha chasisi, kile chenye namba ya modeli na ya injini. Nenda nacho kwenye maduka matatu ya spea hapa mjini, si Mombasa, hapa hapa. Omba vitu vitatu: nozeli, sahani za klachi, pampu ya maji. Mwenye duka akigeuka akavishika rafuni, rudi tuzungumze bei. Akikwambia "nitakuagizia", hapo hujapata lori, umepata kibanda cha kuku chenye logibuku. Mimi sasa natembelea 4D33 kuukuu, inanguruma kama simba mgonjwa, lakini ikifa Jumatatu Jumanne iko barabarani.

Weka picha ya kibati hapa kabla hujalipa, tukusomee. Na dalali wako, kama ana kofia ya kijani na hawezi kuongea bila kukushika bega, niandikie faragha. Bado ana funguo yangu ya akiba.