Unatoka Dar unaenda kupanda mlima? Soma hii kabla hujatuma hela

Msimu umeanza tena. Magrupu ya WhatsApp yanarusha mabango, wikiendi hii Morogoro, mwisho wa mwezi Udzungwa, na ikikaribia Desemba 9 ndo kabisa, kila mtu anataka akasherehekee Uhuru juu ya Kilimanjaro. Mi nafurahi kwa kweli, zamani ukimwambia mtu wa Dar unaenda kupanda mlima anakuuliza umepoteza nini huko. Ila soma yale mabango vizuri. Bei ipo, namba ya kulipia ipo, rangi ya tisheti ipo, muziki na nyama choma vipo, sa mlima wenyewe ukoje hapo hamna kitu, na watu wanatuma hela hivohivo.

Nimezunguka na haya magrupu vya kutosha na nilichokiona ni kwamba anayeumbuka mlimani mara nyingi sio yule mnene mnayemcheka kwenye basi. Ni mtu wa tizi kabisa, anakimbia Coco Beach kila Jumamosi, lakini mwili wake umekaa usawa wa bahari maisha yote na kuna mambo Dar haimfundishi mtu.

Anza na baridi. Kuna kijana tulikuwa naye Lupanga, kile kilele cha Uluguru kinachoutazama mji wa Morogoro, mita 2,138. Kavaa jinzi, fulana ya pamba na raba nyeupe za kutokea. Tunashuka kwenye SGR jua linawaka, anatucheka sisi wenye makoti. Tumeingia msituni ukungu huo, na Uluguru mvua haisubiri masika, ikatunyeshea. Jinzi ikilowa inakuwa nzito halafu haikauki, na fulana ya pamba inagandia mwilini inanyonya joto lako lote. Tulivyokaa kupumzika akaanza kutetemeka, tukamtania, baadae akanyamaza, anahangaika na zipu ya begi vidole havishiki, ukimuuliza anajibu maneno yanagongana kama mtu aliyetoka baa. Hapo utani ukaisha. Tukamvua vyote vilivyolowa, sweta kavu ya mtu, kofia, tukachukua mfuko mkubwa mweusi wa taka tukatoboa pa kutolea kichwa tukamvisha kwa juu, chai ya moto na sukari ya kutosha. Ilichukua muda kweli mpaka akaanza kuongea vizuri.

Watu wanadhani baridi ya kuua mpaka uone theluji. Hapana, nyuzi kumi na kitu zinatosha kama umelowa, upepo unapiga na tumbo halina kitu. Hesabu yenyewe nyepesi tu, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, kwahiyo chukua hii 30 yetu ya Dar upeleke kilele cha Uhuru huko Kilimanjaro, mita 5,895, uone inabaki nini, na hapo sijaweka upepo wala kwamba unapanda usiku. Kinywaji kikali cha kupasha mwili sahau, unahisi joto lakini ndo unazidi kulipoteza.

Na usiniambie vifaa ghali. Nenda Karume asubuhi mapema, majaketi ya mtumba yamejaa, masweta yapo, hata buti ukivumilia kuchambua. Ndani vaa jezi, ya Simba au ya Yanga shauri yako, kitambaa chake kinakauka haraka kuliko fulana yoyote ya pamba. Koti la mvua, nguo kavu moja imefungwa ndani ya mfuko usioingiza maji isiguswe mpaka mkisimama, basi. Buti nunua mapema ulivae hata kwenye daladala wiki mbili tatu, sio unalitoa kwenye boksi getini.

Kushuka. Hakuna anayefanya mazoezi ya kushuka, wote tunapanda ngazi za ghorofa halafu tunarudi chini na lifti. Sa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku ya kileleni unatoka 5,895 unaenda kulala kambi ya Horombo, mita 3,720, yani siku hiyohiyo unashuka zaidi ya mita 2,000 na usiku hujalala. Mapaja yanatetemeka, magoti yanaitika, na kama kucha za miguu hukukata zinagonga mbele ya kiatu kila hatua mpaka zinakuwa nyeusi. Ajali nyingi nilizoziona ni za kushuka, mtu kachoka, anaharaka, anapiga stori. Na huku kwetu jua likizama limezama, saa moja usiku ni giza totoro, ndani ya msitu wa Uluguru linaanza mapema zaidi. Wekeni saa ya kugeuza, mkifika msifike, saa hiyo mnageuza. Halafu tochi ya kichwani, sio tochi ya simu, simu baridi inaimaliza chaji na ndo hiyohiyo unaitegemea upige 114 ya zimamoto na uokoaji kama mtandao upo, na kwenye mabonde mara nyingi haupo.

Haya, hewa. Hapa naomba usome taratibu.

Juu ya Kilimanjaro kila pumzi unayovuta inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata hapa Dar. Mwili unaweza kuzoea lakini unataka siku, na mazoezi hayapunguzi hizo siku, nimeona mkimbiaji wa marathoni anatapika wakati mama wa makamo anatembea pole pole na fimbo yake hana habari. Kichwa kuuma kidogo, kukosa usingizi, chakula hakipandi, hayo yanatokea kwa wengi, unatulia hapo ulipo hupandi mpaka yapungue. Mtu akianza kupepesuka au kuchanganyikiwa ujue ubongo umevimba. Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa povu, maji yameingia kwenye mapafu. Hapo hakuna cha panadol wala maombi ya kusubiria asubuhi, anashushwa muda huohuo hata kama ni saa nane usiku.

Kinachotuponza ni kufichana. Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, tulikuwa na dada mmoja, katapika nyuma ya bweni, kajisafisha, karudi kakaa kimya. Mwongozaji wetu anapita anauliza kila mtu hali yake, yeye "niko poa kabisa kaka". Kwanini? Kazini wamemchangia, status kashaweka, bosi kampa bendera ya ofisi akapige nayo picha. Tumeanza kupanda usiku wa manane, huko mbele mwongozaji akaona anavyoweka mguu, akamsimamisha, akamwambia tembea kwenye mstari kisigino kiguse kidole. Hatua ya tatu kaenda pembeni. Alilia, akabembeleza, na mwongozaji akawa mkali nikamshangaa maana ni mpole kweli yule, akamgeuza na msaidizi mmoja wakashuka. Tulivyorudi Horombo tumemkuta anakula wali anacheka. Ni kushuka tu ndo kumemponya.

Kwahiyo ukichagua safari usifuate ya bei ndogo tu, angalia siku. Njia ya Marangu wanauza ya siku tano na ya siku sita, chukua sita, ile moja ya ziada unalala tena Horombo mwili unazoea, maana kesho yake kwenda Kibo unapanda kama mita 1,000 kwa mkupuo. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea hewa nyepesi lakini kaonane na daktari kwanza, usimeze ya kupewa na mtu wa grupu, hasa kama una aleji na dawa za salfa. Na hili sijawahi kuliona kwenye bango lolote: mwenye selimundu (sikoseli), hata yule mwenye vinasaba tu ambaye haumwi kabisa, hewa nyepesi inaweza kumletea shida kubwa kwenye bandama. Bongo tuko wengi tusiojua hali zetu, kapime.

Kama unaenda Desemba na bado hujanunua kitu, anza na Pugu wikiendi moja ukiwa na begi zito, halafu Morogoro ulowe kidogo. Jaketi nene na begi la kulalia unaweza kukodi Moshi, ila vijaribu hapohapo dukani, panda na kushusha zipu zote, ingia ndani ya hilo begi la kulalia na jaketi lako ujifunge mpaka shingoni, wakikushangaa waache washangae.