Redio ya baba yako

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nimefunga mlango wa jikoni shangazi yako asisikie. Umeniuliza: "Mama, huyu mnasihi niliyempata yuko Nairobi, mimi niko Doha. Atanisaidia vipi kwa simu na hata hatujaonana?" Nimefurahi umeniuliza mimi, baba. Najua haikuwa rahisi.

Kuna jambo sijawaambia nyinyi watoto. Baba yenu alipofariki Machi 2020 nilikaa eda, na kabla eda haijaisha, mwezi wa Mei, Mji wa Kale hapa Mombasa ukafungwa kwa sababu ya korona. Sitoki, na wa kuja kunitazama hawezi. Usingizi ukanikimbia, chakula hakipiti. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi kliniki akanitafutia mnasihi wa simu. Wa kwanza hakunifaa. Hata dakika kumi hazijafika ashaanza kunihubiria subira, kana kwamba aya za subira sijapata kuzisikia. Nikakata simu nikajiona mpweke kuliko nilivyokuwa kabla sijapiga.

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka ishirini. Kikao cha pili nikawa namjibu yale yale: alhamdulillah, naendelea vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, hiyo redio naisikia huko kwako, anaisikiliza nani?"

Salim, ilikuwa redio ya baba yako. Kila alfajiri nilikuwa naifungulia taarifa ya habari kama alivyozoea, naiacha ikisema peke yake mpaka usiku. Mimi mwenyewe nilikuwa siisikii tena. Nililia mpaka simu ikaanza kulia chaji imekwisha, na yule mama hakunikatiza hata kwa neno moja. Sijapata kumwona uso wake hadi leo. Lakini alinisikia mimi na chumba changu chote.

Basi mzoefu utamjua kwa anavyosikiliza na anavyouliza. Karatasi zake nazo zitazame. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na wanatakiwa wasajiliwe na bodi. Muulize nambari ya usajili wake bila haya. Muulize siri zako anaziweka wapi, na laini ikikatika katikati nani atampigia mwenzake. Yeye naye akuulize mapema unakaa mtaa gani na nani yuko karibu nawe, kwa sababu siku akihofia usalama wako, hawezi kuvuka bahari kukufuata. Asipouliza hilo, mtafute mwingine.

Huenda akakupa maswali tisa ya wiki mbili zilizopita: usingizi, kula, uchovu, kukosa raha ya vitu ulivyokuwa ukivipenda. Kila moja lina alama 0 hadi 3, zote zikijumlishwa hazizidi 27. Nimewauliza watu wengi maswali hayo, na la tisa ndilo hujibiwa harakaharaka, macho chini. Linauliza kama umefikiria ni heri ufe, au kujidhuru. Hilo usimfiche, mwanangu, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Na kama jibu ni ndiyo, ukishamwambia yeye nipigie na mimi, hata iwe saa tisa usiku. Saa za Doha na za Mombasa ni zile zile, utanikuta.

Umesema chumbani mmelala sita. Usifanye kikao chini ya shuka ukinong'ona, hutasema lolote la maana. Mwombe yule rafiki yako mwenye gari akuachie funguo kwa saa moja. Si lazima umwambie za nini. Washa kiyoyozi, simu iegemeze mbele yako, zungumza Kiswahili chetu cha nyumbani, na ukitaka kulia, lia.

Vikao vinne vya kwanza nitalipa mimi, usibishane nami. Ukiona baada ya hivyo hamuelewani, badilisha mtu, kama nilivyobadilisha mimi.

Alhamisi usiku sitakupigia kama kawaida yetu. Mkimaliza kikao na mnasihi wako, huna haja ya kunisimulia. Nitumie ujumbe tu kwamba umekula.

Mamako