Dawson City ukitokea Dar: tarehe mwachie mto

Mtu wa Dar akitajiwa Yukon, kule kaskazini-magharibi mwa Kanada, swali lake la kwanza ni koti. Koti litapatikana. Kinachoharibu safari ya Dawson City ni tarehe, na tarehe za mji ule hazifuati likizo ya shule wala ofa ya tiketi. Zinafuata mto. Mji uko nyuzi 64 kaskazini, pale mto Klondike unapomwaga maji yake kwenye mto Yukon, na mto Yukon pale hauna daraja. Kiangazi watu huvuka kwa pantoni. Baridi ikikaza huvuka juu ya barafu kwa gari. Kati ya misimu hiyo miwili kuna wiki ambazo havuki mtu.

Kwa kawaida barafu huvunjika kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Wenyeji husimamisha kigingi cha miguu mitatu juu yake, kimefungwa waya unaokwenda hadi kwenye saa. Barafu ikisogea, saa inasimama, na aliyebashiri dakika hiyo anachukua fedha. Kwa mgeni huo ni wakati wa matope na milango iliyofungwa, maana hoteli nyingi huamka katikati ya Mei na kulala tena baada ya katikati ya Septemba. Oktoba mabonge ya barafu huanza kushuka na maji, pantoni hutolewa mtoni, na ng'ambo ya pili inabaki peke yake. Hata barabara ya barafu haina uhakika: majira ya baridi ya 2016 hadi 2017 na yale yaliyofuata, mto uligoma kuganda mbele ya mji.

Kwa safari ya kwanza, chagua kati ya katikati ya Juni na mwanzo wa Septemba. Sisi tukiulizwa tunasema wiki ya mwisho ya Agosti au ya kwanza ya Septemba. Mbu wamepungua, majani yamegeuka manjano, giza limerudi, na usiku wa mbingu safi unaweza kuona ile mianga ya kijani inayocheza angani, ambayo Juni haionekani hata ukikesha. Epuka wikiendi ya Jumatatu ya tatu ya Agosti kama hujaweka chumba mapema. Ndiyo sikukuu ya kukumbuka dhahabu iliyogunduliwa Agosti 1896, na vyumba vya mji huisha.

Ukienda Juni, jiandae kwa jua. Dawson iko kusini kidogo ya mstari wa Aktiki, kwa hiyo jua huzama, lakini karibu saa saba usiku, kisha huchomoza karibu saa kumi alfajiri, na katikati hapo hakuna giza la kweli. Hesabu yetu ya saa, inayoanzia macheo na machweo, kule inakosa pa kushika. Beba kitambaa cha kufunika macho. Mwislamu azungumze na sheikh wake kabla ya kuondoka kuhusu Isha na Alfajiri, kwa sababu wekundu wa magharibi unaungana na weupe wa mashariki, programu za simu hutoa nyakati zinazopishana, na wanazuoni wana njia zaidi ya moja ya kukadiria. Simu za nyumbani nazo zina hesabu yake: Dawson iko nyuma ya Dar kwa saa 10 mwaka mzima. Saa mbili usiku Kariakoo ni saa nne asubuhi kule.

Viza na njia

Mtanzania anahitaji viza ya Kanada. Ada ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole na picha ni dola 85 nyingine. Maombi hujazwa mtandaoni. Wengi hunyimwa kwa sababu moja: ofisa hajaridhika kwamba mwombaji atarudi. Hapo jina la Dawson linaweza kukuponza, kwa kuwa mtu anayesema anakwenda mji wa mbali asiko na ndugu, bila mpango, anatia shaka. Andika ratiba ya siku kwa siku yenye vyumba unavyoweza kughairi. Ambatisha barua ya ruhusa ya likizo, au karatasi za BRELA na TRA kama umejiajiri, pamoja na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Fedha iliyoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi itaulizwa imetoka wapi. Kama ni ya mchezo au ya shamba lililouzwa, weka ushahidi. Anza miezi mitano kabla.

Njia ya kawaida ni Dar hadi Vancouver kupitia Ulaya au Addis Ababa, Vancouver hadi Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, ndege ya saa mbili na nusu hivi, kisha Dawson. Usinunue tiketi inayopita Marekani kwa sababu ya bei: hata kubadilisha ndege tu kunataka viza yao. Uwanja wa kwanza wa Kanada unaotua ndio wa uhamiaji, na mara nyingi ndipo unapochukua begi na kulikabidhi upya, hivyo acha saa nne au ulale hapo. Chakula chochote ulichobeba, uwe unga au pilipili ya kusaga, kitaje kwenye fomu. Nyama na matunda acha nyumbani. Kutaja hakugharimu kitu, kuficha kuna faini.

Whitehorse lala usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi. Ndege ndogo ya kwenda Dawson huahirishwa kwa ukungu au moshi wa mioto ya misitu, na aliyepanga ndege ya kimataifa siku hiyohiyo ndiye anayelala kwenye benchi.

Barabara

Whitehorse hadi Dawson ni kilomita 530 hivi, karibu sawa na Dar hadi Moshi. Tofauti ni kwamba hapa ukipita Chalinze unajua Korogwe ipo, na kabla ya Same umeshakula mara mbili. Kule jaza tangi Carmacks, ongeza Pelly Crossing, kisha usitegemee sheli nyingine mpaka Dawson, kilomita 250 mbele. Simu hushika ndani ya vijiji tu. Beba maji, chakula, blanketi na spea iliyojaa upepo, na uangalie hali ya barabara kwenye tovuti ya 511 Yukon kabla ya kutoka, maana moto wa msitu unaweza kuifunga njia kwa siku nzima.

Kule wanaendesha upande wa kulia. Mjini hutakosea, magari mengine yatakuonyesha. Hatari ni barabara tupu, dakika ya kwanza baada ya kusimama kupiga picha au kuweka mafuta: mkono unakurudisha kushoto na hakuna gari la kukustua. Bandika karatasi kwenye dashibodi. Na kwa sababu umezoea magari ya Japani, siku ya kwanza kila ukitaka indiketa utawasha waipa. Cheka, lakini usifanye hivyo kwenye makutano.

Lami yao ni nyembamba, ina vipande vya changarawe, na ardhi iliyoganda chini yake huisukuma barabara mpaka inakuwa mawimbi. Ukiona bendera ndogo pembeni, punguza mwendo kabla ya kufika. Lori likija kwenye changarawe, kaa kulia na upunguze sana, kwani jiwe linalopasua kioo hurushwa na tairi zake na mwendo wako ndio unaoongeza nguvu. Wakati wa kukodi gari uliza maswali mawili: kioo cha mbele kiko ndani ya bima? Na mkataba unaruhusu changarawe?

Swali la pili ni kwa ajili ya barabara ya Dempster, inayoanzia kilomita 40 hivi kabla ya Dawson na kwenda Inuvik, zaidi ya kilomita 700 za changarawe. Mawe yake ni makali kama vigae na hula tairi, mafuta yako Eagle Plains kwenye kilomita 369, na mikataba mingi inaikataza. Kwa mgeni wa mara ya kwanza inatosha kufika kituo cha hifadhi ya Tombstone, kilomita 71, na kurudi jioni. Milima ile haihitaji sifa zetu.

Mjini

Pantoni inaitwa George Black. Haina nauli, haina N-Card, haina msukumano wa Kigamboni. Kiangazi huvusha mchana na usiku, isipokuwa inapofanyiwa matengenezo. Julai foleni ya magari ya kulala inaweza kuwa ndefu, ila mtembea kwa miguu hupanda tu. Ng'ambo inaanza barabara ya kwenda Alaska, inayopita juu ya vilima kwa zaidi ya kilomita 100 kabla ya mpaka. Nenda uone mandhari, ugeuze mapema: bila viza ya Marekani huna la kufanya mpakani.

Mitaa mingi ya Dawson haina lami, na njia za waenda kwa miguu ni za mbao. Hilo wala halitokani na umaskini. Ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, ukiipasha joto inayeyuka na kilichojengwa juu kinazama upande. Ndiyo maana utaona nyumba za zamani zimeegemeana, na mpya zimekaa juu ya magogo zikisawazishwa kwa jeki. Viatu unavua mlangoni, kama kwetu. Ule ukuta wa udongo kando ya mto uliimarishwa baada ya mafuriko ya 1979, na leo ndio mahali pazuri pa kutembea jioni.

Kabla ya kumbi za kamari na vinywaji vya ajabu, anzia kituo cha utamaduni cha Dänojà Zho, cha wenyeji wa pale, Tr'ondëk Hwëch'in. Watu kama 30,000 waliofuata dhahabu walivamia mji mwaka 1898. Leo sensa ya 2021 inahesabu karibu 1,600. Chifu Isaac wa Tr'ondëk Hwëch'in aliwahamishia watu wake Moosehide, mwendo mfupi chini ya mto, na nyimbo zao akazipeleka kwa ndugu zao Alaska zihifadhiwe. Bila kujua hilo utauona mji kama jukwaa la maigizo ya wachimbaji. Moosehide yenyewe ni ardhi yao, usiende bila ruhusa.

Dhahabu bado ipo. Kijito cha Bonanza kuna kitalu namba 6 ambacho mgeni anaruhusiwa kuosha mchanga bure kiangazi. Vitalu vya jirani vina wenyewe, na kuingia huko ni wizi kama ilivyo kwenye leseni ya mtu Chunya. Jaza karai hadi theluthi mbili, chota karibu na mwamba au nyuma ya jiwe kubwa ambako maji hupungua kasi. Lizamishe lote, uvunje madongo kwa vidole, utupe kokoto baada ya kuzisuuza. Tikisa kulia na kushoto huku karai likiwa sawa, dhahabu izame chini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanainamisha karai mapema, na chembe inaondoka na udongo wa mfinyanzi. Ukishatikisa vya kutosha, inamisha kidogo, acha maji yabebe tabaka la juu, rudia mpaka ubaki mchanga mweusi. Zebaki usiitaje.

Mto wenyewe uheshimu. Maji ya Yukon yana tope la barafu za milimani, ni ya baridi hata Julai, na huenda kasi kuliko yanavyoonekana. Aliyejifunza kuogelea Coco Beach ana dakika chache tu kabla mikono haijakufa ganzi. Boti bila jaketi la kuokolea usipande.

Bei ya rafu si ya mwisho: 5% ya kodi huongezwa kaunta, na mhudumu wa mgahawa hutarajia 15% au zaidi. Shilingi badilisha Dar, kule hakuna wa kuipokea. Umeme ni volti 120, kwa hiyo chaja iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi ukiwa na plagi ya pini mbili bapa, ila pasi yako iache. Washa huduma ya SMS za nje kabla ya kupanda ndege, la sivyo namba za siri za benki hazitafika.

Sasa koti. Nenda Karume asubuhi siku wanayofungua marobota ya majaketi. Kiangazi unahitaji tabaka tatu: fulana isiyo ya pamba, sweta yenye lebo ya sufu, na jaketi la nje lisilopitisha upepo wala maji, kwa sababu mchana unaweza kufika nyuzi 25 na usiku ukashuka chini ya 10. Pamba ikilowa haikauki upesi na inanyonya joto la mwili. Jaketi la manyoya likunje mkononi; kama manyoya yamegandamana mabonge, liache hata kwa buku tano. Zipu ivute mara kumi. Viatu vya theluji vya mtumba usinunue, soli iliyokaa miaka kwenye robota hupasuka ikigusa baridi. Anayekwenda Januari, wastani ukiwa chini ya nyuzi 20 hasi, anunue viatu na glavu Whitehorse. Akikodi gari na kuona waya wa umeme unaning'inia mbele ya boneti, auchomeke kila usiku. Unapasha injini, na bila huo asubuhi gari haliwaki.

Mbu wa Juni na Julai ni wengi kuliko wa Jangwani, ingawa hawana malaria. Malaria utaibeba wewe. Beba dawa mseto dozi moja ikiwa na karatasi ya daktari, na ukipata homa ndani ya wiki za kwanza, neno la kwanza kwa mhudumu liwe kwamba umetoka Dar es Salaam na unataka kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Hospitali ya Dawson ni ndogo, na mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Whitehorse kwa ndege. Angalia kama bima yako inalipa ndege hiyo.